Kolestro: tunayoambiana Mombasa na ukweli wenyewe

Hapa Mombasa mtu akisema tu kolestro yangu iko juu, yale mafuta ya kwenye damu, kabla hajakaa kitako ashapewa dawa, maji moto na ndimu, kitunguu thaumu kibichi asubuhi, habasoda, mlonge. Wanaompa wanampenda, hilo silikatai. Lakini watu wetu wanaanguka kwa stroku na moyo na mengi tunayopeana hayako sawa, wacha niyaseme.

"Nazi ni mmea, na mmea hauna kolestro." Nusu ni kweli. Mmea wowote ule hauna kolestro, hata lile dumu la mafuta lililoandikwa halina kolestro halijadanganya, manake hakuna mafuta ya mmea yenye nayo. Shida ni kwamba kolestro nyingi ya mwilini hatuili, ini lenyewe ndo linatengeneza, na kinachofanya ini lizembee kuitoa kwenye damu ile LDL, ile mbaya inayojikusanya kwenye kuta za mishipa, ni mafuta ya aina ile ya kuganda. Sasa mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya aina hiyo, yanapita hata siagi na samli. Mtu ataniuliza mbona kwangu hayagandi, eeh, hapa ni joto, yanaganda chini ya nyuzi kama 24, peleka chupa Nairobi mwezi wa saba uitazame asubuhi.

Sijasema watu waache nazi, Pwani hii! Lakini mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana, samaki wa kupaka usiku, zote kwa tui zito, na LDL yako ishapanda, hapo unajiumiza. Na kinachonisikitisha ni kwamba mtu akiambiwa apunguze nazi anaacha na mbaazi zenyewe, na mbaazi ndo dawa! Mbaazi, kunde, pojo, maharagwe na uji wa oti zina zile nyuzinyuzi zinazovimba kama ute tumboni, zinanasa nyongo na kutoka nayo chooni, na ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine inabidi lichukue kolestro kwenye damu. Ukipata gramu 5 hadi 10 za nyuzinyuzi hizo kwa siku LDL inashuka kama asilimia 5 hivi. Basi pika mbaazi zako kwa tui jepesi, au uziunge kwa nyanya na kitunguu na mafuta kidogo ya alizeti, na pembeni weka muhogo wa kuchemsha badala ya mahamri yaliyozama kwenye karai.

"Ndimu na maji moto inayeyusha mafuta kwenye mishipa." Hapana. Maji unayokunywa yanaingia tumboni, hayaendi kusugua mshipa. Kitunguu thaumu kinasaidia, lakini kidogo sana, kitie kwenye chakula kwa utamu wake.

"Kahawa tungu haina sukari wala maziwa, haina neno." Hili wengi hawalijui kabisa. Buni ina mafuta yake, ndani mna kitu kinaitwa kafestoli ambacho kinapandisha LDL, na kahawa ya kuchemshwa kwenye dele haichujwi kwa karatasi kwa hivyo kinabaki kingi kikombeni. Kikombe kimoja kile kidogo barazani si tatizo, ila kuna wazee wanashinda nayo tangu alasiri mpaka isha, hao wapunguze.

"Mimi mwembamba, hainihusu." Inakuhusu. Kuna watu wamezaliwa nayo juu, kama mtu mmoja katika kila 250 hadi 300, wembamba kwa wanene, na ikiwa babako au nduguyo alipata moyo akiwa kijana nenda upimwe. Usingoje shingo kuuma au ganzi, kolestro haina dalili.

Na hili la mwisho ndilo linaloniogopesha. "Nimeanza vya asili, vidonge nimetupa." Kwa aliyewahi kupata stroku au moyo, na wengi wenye sukari, chakula peke yake hakitoshi. Na mkisema mnataka cha asili, statini zenyewe, yaani hivyo vidonge vya kushusha kolestro, zilianzia kwenye ukungu, mtaalamu wa Japani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza miaka ya 1970. Kula mbaazi, tembea Mama Ngina jioni, na kidonge meza. Kama ni simvastatini au atovastatini mwambie daktari ikiwa unapenda balungi, manake linaifanya dawa izidi kwenye damu. Halafu baada ya wiki 6 hadi 12 rudi utolewe damu tena, uangalie LDL yenyewe na si ile jumla ya kolestro tu, hapo ndo utajua kama mapishi mapya yamefanya kazi au bado.