Je, wajua kwa nini lozi huandikwa "kinywaji" na nazi huandikwa "maziwa"?

Katika supamaketi kubwa za Nyali, Mombasa, utazikuta zimepangwa frijini, ubavuni mwa maziwa ya ng'ombe: pakiti za lozi, za soya, za oti, za mchele. Nyingi zilizotoka Ulaya zimeandikwa "kinywaji cha lozi" au "kinywaji cha soya" kwa Kiingereza. Ukienda kwenye rafu ya makopo, tui la kopo limeandikwa "maziwa ya nazi" waziwazi. Yote ni mimea. Mbona moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa?

Chanzo ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Kanuni nambari 1308 ya mwaka 2013 inasema maziwa ni yale yanayokamuliwa kutoka kwa mnyama, basi. Kampuni ya Kijerumani ya TofuTown ilikuwa ikiuza "siagi ya tofu" na "jibini ya mboga", ikashtakiwa, ikajitetea kwamba kila pakiti imeeleza wazi kuwa ni bidhaa ya mimea. Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa maelezo hayo hayatoshi. Nazi ilinusurika kwa sababu majina yaliyozoeleka tangu zamani yaliwekwa kwenye orodha ya misamaha mwaka 2010. Orodha hiyo inakwenda lugha kwa lugha, ndiyo maana lozi ile ile huruhusiwa kuitwa maziwa kwa Kihispania na kukataliwa kwa Kiingereza.

Marekani walichukua njia nyingine. Februari 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitoa rasimu ya mwongozo unaoziachia kampuni neno "maziwa", huku ikizishauri ziandike pale kinywaji chao kinapopungukiwa na virutubisho vya maziwa ya ng'ombe. Hoja yao ni kwamba mnunuzi anajua fika kuwa ndani ya lozi hamna ng'ombe; asichokijua ni tofauti ya lishe. Kwa maoni yangu hapo ndipo penyewe.

Geuza pakiti ya lozi usome nyuma. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Cha kwanza ni maji. Lozi zenyewe mara nyingi ni asilimia 2 au 3 tu, ingawa picha ya mbele imejaa lozi hadi ukingoni. Anayekuna nazi nyumbani kwake hahitaji kufundishwa jambo hili: tui la kwanza ni zito, la pili jepesi, na ukizidi kutia maji kwenye machicha unabaki na maji meupe. Kwa tui la kopo la kawaida, viwango vya kimataifa vya Codex vinataka mafuta yasipungue asilimia 10. Pakiti za kinywaji cha nazi cha kunywa kwenye glasi ni habari nyingine, soma na hizo.

Kisha tazama protini. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina gramu 8 hivi. Soya inakaribia hapo, kama gramu 7. Lozi ina gramu 1 tu. Oti iko katikati, lakini ina lake: kiwandani hutiwa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo huwa tamu hata kama pakiti imeandikwa haijaongezwa sukari.

Na lile friji? Pakiti nyingi za aina hii hazihitaji baridi kabla ya kufunguliwa. Kuziweka pale ni mbinu ya biashara. Mwaka 1996 kampuni ya WhiteWave ya Colorado ilitia soya yake, Silk, kwenye pakiti inayofanana na ya maziwa na kuiweka kwenye friji la maziwa. Mauzo yakapanda, wengine wakafuata.

Simlaumu anayenunua. Watu wazima wengi wa Afrika maziwa ya ng'ombe huwasumbua tumbo, na vinywaji hivi huwafaa kwa chai na uji. Kinachonitia hofu ni mtoto mchanga. Madaktari wamewahi kupokea watoto wenye kwashakoo waliolishwa kinywaji cha mchele, wazazi wakiamini wanawapa maziwa. Chini ya mwaka mmoja, hakuna hata kimoja kati ya vinywaji hivi kinachoshika nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto. Baada ya hapo, mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 ulikubali soya peke yake kuwa badala ya maziwa, tena ile iliyoongezwa kalsiamu na vitamini A na D. Kalsiamu hiyo hutuama chini ya pakiti, kwa hiyo itikise vizuri kabla ya kummiminia mtoto.