Kirusi "sugu" ni kipi hasa?

Laptopu ya nyumbani inapigwa Windows upya. Siku chache baadaye matangazo yamejaa tena kwenye kivinjari na folda za kwenye flashi zimegeuka shotikati. Mwenye mashine anaambiwa: "Hicho ni kirusi sugu, nunua diski nyingine." Kauli hii imezoeleka mno, na inawatoa watu fedha bure.

Kwa kifupi, programu hasidi ni sugu pale inapokuwa imejiwekea njia ya kuamka tena kila kompyuta inapowashwa, hata kama faili lake moja limefutwa. Basi.

Neno tumelitoa hospitalini, kwenye usugu wa dawa, na dhana potofu ikaja nalo: eti antivirasi ikitumika nusunusu, kirusi "kinazoea dawa". Hakizoei. Bakteria hubadilika kizazi kwa kizazi. Programu iliyomo kwenye laptopu yako haipati nguvu mpya kwa sababu umeiskani mara nyingi. Ikionekana tena, ama ilibaki, ama imerudi. Haya ni mambo mawili, na tiba zake ni mbili.

Iliyobaki haikuondoka kabisa. Umefuta faili, lakini kwenye Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba, kuna kazi iliyopangwa kulipakua upya kila unapoingia. Au ziko programu mbili zinazolindana: ukizima moja, ya pili inaiwasha. Skani ya kawaida hushindwa hapo kwa kuwa inapambana na kitu kilicho macho. Microsoft Defender Offline, skani ya antivirasi ya Windows yenyewe, huwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijaanza kazi. Huchukua kama dakika 15. Imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, bila malipo, na bado watu wengi hawajawahi kuibonyeza.

Iliyorudi iliondoka kweli, kisha ikaletwa, mara nyingi na sisi wenyewe. Fundi anafomati C, sehemu ya diski yenye Windows, anaiacha D, sehemu ya mafaili yako, kwa sababu picha za harusi zimo humo. Virusi kama Sality, inayojulikana tangu 2003, na Ramnit ya 2010 hujipachika ndani ya mafaili ya .exe, yaani ya programu, hivyo ukifungua kisakinishi kimoja cha zamani kilichokuwa D, umeanza upya. Zile shotikati za kwenye flashi nazo zina hila yake. Folda zako hazijapotea, zimefichwa tu, na ikoni unayobofya huendesha kwanza skripti iliyofichwa, halafu inakufungulia folda halisi ili usishtuke. Kiendelezi (extension) kibaya cha kivinjari hurudi mara tu unapoingia kwenye akaunti yako, maana usawazishaji (sync) ulikihifadhi. Kinachosikitisha zaidi ni ile programu ya kuamilisha Windows bila leseni, inayotaka antivirasi izimwe kwanza. Mashine imetoka kusafishwa sasa hivi, na tayari ulinzi wake umezimwa.

Sugu ya kweli ipo. Mwaka 2018 kampuni ya antivirasi ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, programu hasidi iliyojificha kwenye chipu ya ubao mama, mahali ambapo kufomati hakufiki. Ililenga taasisi za serikali za Balkani na za Ulaya ya Kati na Mashariki. Na hata hiyo, kununua diski mpya hakuiondoi, kwa kuwa haikai kwenye diski.

Kwa hiyo ukiambiwa laptopu ya mtoto ina kirusi sugu, muulize fundi kwa upole: kimebaki, au kimerudi? Kama kimerudi, nakili picha na nyaraka peke yake, uache kila .exe, kisha mwombe aifute D pamoja na C, akague flashi zote za nyumbani, na usiwashe usawazishaji kabla hujaondoa viendelezi usivyovitambua. Nywila badilisha ukitumia kifaa kingine.