Printa ya mawimbi ya sauti si kila printa yenye piezo

Siku hizi mtu akitaka printa yake ya wino ionekane ya kisasa, anaiita "ya mawimbi ya sauti". Ukifungua kifuniko unakuta kichwa cha kuchapia cha piezo, yaani kinachosukuma wino kwa kristali ya umeme, cha kawaida kabisa. Hivyo ni vitu viwili.

Uchapaji wa wino kwa mawimbi ya sauti ni kurusha matone kwa kuyakusanya mawimbi ya masafa ya juu, ambayo sikio halisikii, yakutane kwenye nukta moja ya uso wa wino. Msukumo wake unauinua wino pale kama kichuguu, kichuguu kinarefuka, ncha inakatika, na tone linaruka juu hadi kwenye karatasi. Wino haupiti kwenye tundu lolote.

Hilo la tundu ndilo linalosahaulika. Kwenye piezo, kristali ikipata umeme inabadilika umbo, inakibana chumba cha wino, na wino unachomoza kwenye tundu jembamba kuliko unywele. Printa za joto, kama ThinkJet ya HP ya mwaka 1984, huchemsha wino kidogo sana hadi povu liusukume nje. Nazo zina matundu. Nakubali kwamba ndani ya chumba cha piezo mna mawimbi ya shinikizo, na mhandisi akiyaita sauti hajakosea. Ila hayakulengwa mahali. Yanausukuma wino wote wa chumba kuelekea mlangoni, yaani kwenye tundu, na mlango huo una nafasi kubwa katika kuamua tone liwe na ukubwa gani. Ndiyo maana printa ikikaa bila kazi wino unakaukia hapo hapo, mistari myeupe inaanza kukatiza picha, na fundi anaitwa kuosha kichwa cha printa.

Kwenye njia ya sauti kazi ya mlango inafanywa na lenzi: kishimo cha duara kilichochongwa kwenye kioo, kimezama chini ya wino, na nyuma yake kuna kristali inayotetema. Ndiyo, kristali ipo hata huku, na nadhani mkanganyiko wote umeanzia hapo. Lakini ukubwa wa tone unafuata urefu wa wimbi. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kwa masafa ya megahezi 150, yaani mitetemo milioni 150 kwa sekunde, wimbi lina mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na tone linatoka na kipenyo kinachokaribia hicho. Shuka hadi megahezi 5, unapata tone la mikromita 300 hivi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1927 wanasayansi Wood na Loomis, huko Marekani, walionesha mafuta yakiruka kama chemchemi juu ya kristali inayotetema kwa nguvu. Waliolifanya la uchapaji ni Scott Elrod na wenzake wa PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walioandika mwaka 1989 juu ya matone yasiyohitaji tundu. Kati yao alikuwemo Calvin Quate wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye miaka ya 1970 alikuwa ametumia lenzi za namna hiyo kwenye hadubini ya sauti, inayotumia mawimbi ya sauti badala ya mwanga.

Ugumu wake uko kwenye usawa wa wino. Ukipanda au kushuka kidogo tu, mawimbi yanakosa shabaha. Ofisini njia hii haikupata makazi. Ilipata maabara za dawa, ambako mashine za Echo, zilizoanzishwa na kampuni ya Labcyte, hurusha matone ya nanolita 2.5 (nanolita ni sehemu moja ya bilioni ya lita) kutoka sahani moja kwenda nyingine iliyogeuzwa kifudifudi juu yake, bila chochote kugusa sampuli.

Kwa hiyo ukiuziwa printa ya mabango kwa jina la "mawimbi ya sauti", muulize muuzaji ina matundu mangapi. Akikutajia idadi, hiyo si ya mawimbi ya sauti; ni piezo au ya joto, na huenda ni mashine nzuri sana. Tuiite tu kwa jina lake.