Ulikuja na kesi ya pua, kumbe mshtakiwa ni kidevu

Kama wiki mbili zilizopita kaingia binti wa miaka 22 kaongozana na mama yake mdogo, hata kukaa vizuri hajakaa keshatoa simu, "Dokta nataka pua iwe hivi." Picha mbili, moja selfi yake, nyingine selfi hiyohiyo imepitishwa kwenye filta, pua imebaki kadogo kama ya mdoli. Mama mdogo kaguna, "Dokta mwambie mwenzio, hii pua ya bibi yake, marehemu." Nikawaambia subirini, pua yenyewe sijaiangalia bado, nimeona simu tu.

Na simu inasingizia watu jamani. Kuna watafiti Marekani walipiga hesabu mwaka 2018, selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inaonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita 1.5, manake pua ndo iko karibu na kamera halafu masikio yako huko nyuma. Kwa hiyo kwangu mtu anasimama ukutani, nachukua kamera narudi nyuma, napiga ya mbele, ya mshazari na ya upande. Ile ya upande ndo wengi hawajawahi kujiona nayo, wanashtuka.

Binti wetu pua yake ya kawaida kabisa, kilichokuwa na shida ni kidevu, kimerudi nyuma. Ukishusha mstari toka mdomo wa chini kwenda chini unakuta kidevu kiko ndani sana, na kidevu kikirudi nyuma pua inaonekana imetangulia mbele hata kama haina kosa. Nikaiweka ile picha kwenye kompyuta nikavuta kidevu kidogo mbele, basi, akaniuliza "hapo pua umeipunguza kiasi gani?" Sijaigusa. Mama mdogo akacheka mpaka akashika meza.

Kabla ya hapo lakini nilimwambia ang'ate meno nione, kwasababu kuna wakati kidevu kurudi nyuma ni taya lote la chini ndo fupi, meno ya juu yanapita ya chini kwa mbali, huyo hahitaji mimi na sindano, anahitaji daktari wa kupanga meno na pengine upasuaji wa taya. Yeye meno yanakutana fresh, kwa hiyo ni mfupa wa kidevu peke yake. Hapo kuna njia tatu, kuchoma jeli ya asidi ya hayaluroniki inayojazia sehemu iliyopungua, kuweka kipandikizi, au kukata mfupa wa kidevu na kuusogeza mbele. Kwa umri huo mi naanza na jeli, inakaa mwaka hivi, asipoipenda kuna dawa inaitwa hayaluronidezi naichoma jeli inayeyuka. Silikoni ya maji na vitu vinavyoitwa "vya kudumu" sivitaki hata kuvisikia, vikileta balaa kuvitoa ni kukatakata nyama.

Sasa wale wa "dokta nipunguzie sura, iko pana", hamuwi kundi moja nyie. Weka vidole pembeni ya taya halafu ng'ata. Kama kitu kinatuna chini ya vidole kama yai, huo ni msuli wa kutafunia, labda unasaga meno usiku, botoksi, ile sindano ya kulegeza msuli, inaupunguza na utaanza kuona tofauti wiki ya nne au ya sita hivi, ila ikiisha nguvu unarudi. Kama hakituni ni mfupa, na botoksi utakuwa umemwaga hela. Na kama ni mashavu ya utoto, subiri tu, yanapungua yenyewe.

Hapo kwenye mashavu nina langu la kuungama. Miaka ya nyuma nilimtoa dada mmoja wa miaka 23 mafuta ya ndani ya mashavu, alitaka ile sura ya kubonyea, nikakubali haraka haraka. Miaka sita baadaye kaja, kapungua mwili kidogo, mashavu yameingia ndani, watu wanamuuliza kama anaumwa. Sura inapoteza mafuta yenyewe kadri umri unavyoenda, mi nikamuwahisha. Siku hizi ukija kwangu chini ya miaka 25 na ombi hilo utaniona mkali tu, samahani.

Upasuaji wa pua sio kwamba siufanyi, nafanya, ila pua iwe imemaliza kukua, wasichana kwenye 16 huko, wavulana wanachelewa kidogo, na ujue ngozi nene kama zetu nyingi ncha ya pua inabaki imevimba mwaka mzima au zaidi, usinipigie mwezi wa pili unalia. Kuhusu keloidi, yale makovu yanayotuna na kukua, puani ni nadra, wenyeji wake ni masikio, kifua na mstari wa taya, ndo maana naangalia matundu ya hereni zako kabla sijagusa chini ya kidevu.

Cha kuogopa ni jeli ya puani inayochomwa saluni dakika kumi. Mishipa ya damu ya pua inaungana na ya jicho, jeli ikiingia kwenye mshipa ngozi inaweza kufa na mtu akapofuka. Kwenye ngozi nyeusi ule weupe wa damu kukatika hauonekani haraka, kwa hiyo nabonyeza kidole naachia nahesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi, na hayaluronidezi iko mezani, sio ya kwenda kuagiza. Mwambie anayekuchoma akuonyeshe, akianza kuzungukazunguka kwa maneno, teremka kitandani, vaa viatu.

Binti nilimrudisha nyumbani siku ile bila kumchoma kitu, huwa natoa wiki mbili. Amerudi jana, tumeweka mililita moja ya jeli kidevuni, yuko mbele ya kioo anajigeuza kushoto kulia, pua hajaitaja. Mama mdogo ndo kanivuta pembeni anauliza kwa sauti ya chini, eti hizi ndita za kwenye paji zinaondoka na hiyo botoksi?