Degedege la porfiria halitaki fenitoini

Nimeulizwa tena, safari hii na daktari mwenye miaka mingi kazini: "Mgonjwa wa porfiria akishikwa na degedege, si tunampa fenitoini kama wengine?" Hapana, jamani. Porfiria ni ugonjwa wa kurithi unaovuruga utengenezaji wa himu, kiini cha damu nyekundu na cha vimeng'enya vya ini. Fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, dawa za kawaida za degedege, hulisukuma ini kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa, navyo vinahitaji himu. Ini likihangaika kuitengeneza wakati kimeng'enya kimojawapo cha kazi hiyo kina kasoro, ALA na porfobilinojeni, malighafi za himu, hurundikana na kuchochea shambulio. Unamwagia petroli moto uliokuja kuuzima. Valproeti nayo iache.

Kinachoniudhi zaidi ni kusahau sodiamu ya damu. Shambulio la porfiria huishusha mara nyingi, na pengine hicho ndicho chanzo cha degedege lenyewe. Halafu mtu anatundika dripu ya glukosi asilimia 5 kwenye maji matupu, kwa kuwa alisikia glukosi ni dawa ya porfiria, na sodiamu inazidi kuporomoka! Degedege likiendelea na sodiamu iko chini, toa chumvi ya asilimia 3 kwa dozi ndogo, upime tena na tena. Isipande zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita ndani ya saa 24, la sivyo unaweza kuliumiza shina la ubongo. Kwa degedege lenyewe natumia lorazepamu, kisha levetirasetamu. Orodha za dawa salama hazikubaliani kuhusu baadhi ya dawa za jamii ya diazepamu, nami sina jibu la uhakika. Lakini degedege lisilokoma huua, kwa hiyo siwezi kungoja orodha zipatane.

Dalili mnazijua: maumivu makali ya tumbo ambalo ukilibonyeza ni laini, moyo kwenda mbio, presha juu, kuchanganyikiwa. Mkojo mpya waweza kuwa na rangi ya kawaida kabisa. Upime porfobilinojeni, chupa ikikingwa na mwanga. Kipimo cha jeni kitasubiri.

Mabega na mikono ikianza kulegea, watu husema ni Guillain-Barré, ugonjwa mwingine wa neva unaopoozesha, na kutulia. Msitulie. Pimeni nguvu ya pumzi kila baada ya saa chache, maana oksijeni kwenye kidole hushuka mwishoni kabisa. Hemini (himu ya kudungwa mshipani), miligramu 3 hadi 4 kwa kilo kila siku kwa siku 4, ianze mapema: misuli ikishapooza, dawa hiyo haiirudishi haraka, na mgonjwa huhitaji miezi ya mazoezi, wengine zaidi ya mwaka.