Chumba hakisubiri mtu aache dawa

Hapa Unguja imezoeleka kusema kwamba anayelala barazani Darajani, boksi likiwa ndiyo godoro lake, hafai kupewa chumba mpaka aache kwanza dawa za kulevya. Sivyo. Njia iliyoanza New York mwaka 1992, ambayo Ufini iliifanya sera ya taifa mwaka 2008, humpa mtu kwanza ufunguo na mkataba wa upangaji, kisha tiba na ushauri humfuata humo kwa hiari yake. Na wengi hubaki katika nyumba hizo. Nyumba za kuachia dawa tunazo, na zinaokoa watu kwelikweli, lakini anayetoka humo na kurudi kwenye baraza ileile hana mlango wa kufunga, wala pa kuweka vidonge vyake vya tiba.