"Mfungeni Tu, Mashine Itamtembeza": Dhana Potofu Kuhusu Roboti ya Kutembea Baada ya Kiharusi

Kauli hiyo ndiyo hutangulia kila familia ya Njiro, Sakina au Shanty Town, huku Arusha na Moshi, inapoulizia roboti ya mazoezi ya nyumbani. Mtoto aliye nje ya nchi ametuma video: mzee kavikwa vyuma miguuni, anakwenda. Kinachofuata ni kuuliza bei. Hakuna anayeuliza mzee mwenyewe atakuwa anafanya nini humo ndani ya vyuma, na hapo ndipo pa kuanzia.

Dhana: roboti ikifanya kazi kubwa, mgonjwa atapona upesi

Ni kinyume kabisa. Kiharusi hakikuharibu mguu, kiliharibu sehemu ya ubongo inayouamuru. Misuli ipo, mifupa ipo, goti linakunjika. Tunachotafuta ni sehemu za ubongo zilizosalimika zijifunze kutuma amri ile ile kwa njia nyingine, na njia hiyo hujengeka kwa kujaribu, kukosea, kurekebisha na kujaribu tena. Mota ikinyanyua mguu kabla mgonjwa hajajaribu, amri haikutumwa. Mguu umekuwa abiria. Na mwili hauna aibu: ukishajua kuna anayeubebea kazi, unaacha. Ndani ya dakika chache misuli ya paja iliyokuwa ikijikaza inalegea, wakati huo huo hatua zinazidi kupendeza machoni. Ndugu wanapiga makofi. Uvumilivu huniishia hapo, maana anayepigiwa makofi ni mota.

Ushahidi upo wa miaka mingi. Mwaka 2008 na 2009 zilitoka Marekani tafiti mbili zilizolinganisha Lokomat, roboti ya Uswisi inayomshikilia mtu juu ya mashine ya kukimbilia, na mazoezi yanayosaidiwa na wataalamu kwa mikono. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kutembea. Waliosaidiwa na binadamu ndio walioongeza kasi zaidi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, kwa upande wake, yanaonyesha kwamba mashine hizi zikiambatana na fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) zinaongeza uwezekano wa mtu kutembea bila kushikwa, na wanaofaidika zaidi ni walio ndani ya miezi 3 ya mwanzo na ambao hawawezi kutembea kabisa. Kwa hiyo mzee anayejikongoja mwenyewe hadi chooni na mzee asiyeweza kusimama hawahitaji kitu kimoja, hata kama pesa ya kununua ipo.

Faida halisi ya roboti ni idadi ya marudio. Watafiti wa Marekani walipohesabu, mwaka 2009, hatua ambazo wagonjwa wa kiharusi walipiga katika vikao vya kawaida vya kutembea, walipata wastani wa 357 kwa kikao. Roboti inayokwenda hatua 40 kwa dakika inafikisha 1,000 kwa dakika 25, na hakuna anayeumia mgongo kwa kumbeba mgonjwa. Lakini hatua 1,000 zilizopigwa na mota peke yake, kwa hesabu yangu, ni sifuri.

Basi msaada unawekwaje? Mashine nyingi huonyesha kiwango cha msaada kwa asilimia, kila mguu na chake. Anza na kiwango kinachotosha vidole vya mguu dhaifu kupita bila kugusa sakafu. Baada ya dakika 3 za kupasha mwili, punguza asilimia 10. Usitazame skrini, tazama vidole. Endelea kupunguza hivyo kila dakika mbili hadi vidole vianze kukwaruza sakafu mara moja katika kila hatua nne au tano, kisha rudisha msaada juu kwa asilimia 10. Hapo ndipo pa kufanyia kazi siku hiyo. Vikikwaruza kila hatua umepunguza mno: ataanza kunyanyua nyonga na kufagia mguu kwa pembeni, na huo mwendo mbovu ukishazoeleka kuuondoa ni kazi ya miezi. Visipogusa kamwe, umempa lifti.

Juhudi nazo zipimwe. Awe anaweza kujibu sentensi fupi lakini hawezi kusimulia. Akimaliza kikao kizima anabishana kuhusu Simba na Yanga, punguza msaada. Aliyepoteza usemi msome kwa pumzi na jasho.

Namba zinazojaa kwenye programu ya simu, kwamba leo katembea mita kadhaa, zisikulaghai. Kipimo cha kweli hufanyika mara moja kwa wiki, roboti ikiwa imevuliwa, akiwa na fimbo yake ya kila siku na viatu vile vile. Weka alama za utepe wa gundi kwenye sakafu, mita 10, na uache mita 2 kila upande za kuanzia na kusimamia. Pima sekunde za zile 10 za katikati. Sekunde zikiwa hazipungui kwa wiki nne mfululizo, mpango ubadilishwe, usirefushwe.

Kuna jingine ambalo husingiziwa ugonjwa wakati kosa ni la kufunga. Kiungo cha nyonga cha mashine kikae sawa na ile nundu ya mfupa wa paja unayoigusa pembeni mwa nyonga. Kiungo cha goti kikae juu kidogo ya ufa wa goti. Kikishuka, kila goti linapokunjika mkanda wa chini unateleza na kusugua ugoko. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hana hisia upande huo, hatalalamika, utagundua kidonda. Fungua mikanda kila baada ya dakika 20 mpaka 30 katika wiki ya kwanza uone ngozi. Wekundu usiofutika ndani ya nusu saa maana yake kesho hakuna kikao, na mkanda ule urekebishwe kwanza.

Kifundo kikianza kutetemeka chenyewe, simamisha. Baadhi ya sensa (vihisio vya mashine) huudhani mtetemo ule kuwa ni nia ya kupiga hatua, mashine inaondoka kabla ya mtu. Mwegemeze uzito kwenye kisigino, nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa dakika moja, kisha endeleeni kwa kasi ndogo.

Dhana: ikishafika nyumbani, mtaalamu hana kazi tena

Anayo: kupima mashine imkae, kuweka viwango, kuvibadilisha. Kati ya ziara zake lazima awepo mtu mzima mmoja aliyefundishwa, upande dhaifu, mkono mmoja kwenye mkanda wa kiunoni. Asimshike kwapani, wala asivute mkono uliopooza. Bega lile linashikiliwa na misuli iliyolegea na hutoka mahali pake kwa urahisi. Na simu aiweke mbali.

Nyumba yenyewe nayo ikaguliwe. Kwa mazoezi unahitaji mita 6 hivi za sakafu tambarare, kapeti limekunjwa, marumaru makavu (kile kipimo cha wiki kifanyieni penye nafasi ndefu zaidi). Kandambili marufuku, viatu vyenye kisigino kigumu kinachoshika mguu. Kwa waliopo Kibosho au Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, msidhani mashine itashuka naye kihambani, shambani kwenye migomba: nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa sakafu sawa, na njia ya migombani wakati wa masika inamshinda hata mzima. Chaji kupitia stabilaiza, na asitembee waya ukiwa ukutani. Kabla ya siku ya kwanza, ijaribuni ikiwa tupu mjue betri ikiisha katikati ya hatua inafanyaje: ziko zinazofunga goti na ziko zinazoliachia. Anayemshika mzee akiwa hajui ya kwake ni ipi, wataanguka wote wawili.

Dhana: roboti inapitisha umeme kwenye mishipa

Haipitishi. Ni mota, betri na sensa. Vipo vifaa vingine vinavyochochea misuli kwa umeme mdogo, lakini hivyo ni vingine.

Dhana: miezi 6 ikipita, basi, na bila roboti hakuna kutembea

Utafiti mmoja unazijibu zote mbili. LEAPS, uliochapishwa Marekani mwaka 2011, ulikuwa na wagonjwa 408. Wengine walifanya mazoezi kwenye mashine ya kukimbilia wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda, wakianza miezi 2 au miezi 6 baada ya kiharusi. Wengine walifanya mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia, bila mashine yoyote. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakutofautiana. Walioanza mwezi wa 6 hawakuwa wamechelewa. Waliobaki nyumbani hawakuwa wamepunjwa.

Kabla ya kuuza shamba, basi, angalieni tatizo ni nini. Ikiwa mzee ana nguvu za nyonga na goti ila unyayo unaning'inia na kuburuta, anahitaji splinti ya plastiki ya kushika kifundo. Moshi ina chuo kinachofundisha mafundi wa kazi hiyo, TATCOT, palepale hospitali ya KCMC, tangu 1981. Watu wanapita mlango huo wakienda kuagiza roboti ng'ambo.

Dhana: aanze mapema iwezekanavyo, hata kesho yake

Utafiti wa AVERT, 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, uliona kwamba kuwainua kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza, kulipunguza waliopona vizuri. Daktari aseme kwanza hali imetulia.

Dhana: kumkanda kwa maji ya moto kunaandaa mguu

Ngozi isiyohisi inaungua kimyakimya, na penye kidonda cha moto mkanda haufungwi kwa wiki kadhaa. Kama ni lazima akandwe, maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mzima.

Dhana: akishatembea, dawa za presha ziachwe

Hii ndiyo inayorudisha watu kitandani, safari hii upande wa pili. Kutembea kumerudi kwa mazoezi. Presha iko pale pale, na vidonge havipunguzwi wala kuachwa bila daktari. Pimeni kabla ya kila kikao, ameketi dakika 5, kwenye mkono usiopooza, kwa sababu uliopooza unaweza kutoa namba isiyo sahihi. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, roboti ibaki kwenye chaji, apumzike, apimwe tena, na isiposhuka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.